Firigisi ya Bilha

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kitale nzima hakuna nyumba yenye furaha kuliko yangu. Mke ananichekea, kuku wanataga, redio inaimba. Mwenye wivu na anywe maji.

Nimesoma hayo maneno na kalamu bado iko mkononi. Uongo. Ni kuku tu ndio ukweli.

Bilha hanichekei. Jana tukitoka kanisani aliniambia, akiangalia barabara na si mimi, kwamba binti yetu Pauline anamtaka akaishi naye na mumewe Bungoma. Kuna chumba. Ati kina dirisha. Nikamuuliza amemjibu nini. Akasema anafikiria. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na mtu anafikiria! Kwani mimi sina dirisha?

Leo redio imenipa dawa. Mama mmoja mshauri, sauti tamu sana, anasema furaha ya nyumbani haianguki kutoka juu kama mvua. Unaichagua mwenyewe, kila siku, kwa vitu vidogo. Uandike chaguo zako, ubandike ukutani, uzitimize. Basi nikachukua daftari la hesabu aliloacha mjukuu. Miaka kumi na tisa nilisukuma karatasi kwenye kiwanda pale Webuye na sikuwahi kuandika hata kwa kipande. Darasa la tano mimi na mwalimu tuliachana kwa makubaliano. Lakini leo naandika, na kila siku nitaandika, mpaka Bilha aache kufikiria.

Nimebandika ukutani kwa ugali: nitampelekea mke chai kitandani. Sitamkatiza akiongea. Nitampa kitu ninachokipenda mimi mwenyewe.

Bilha alipita na ufagio, akasimama, akauliza ni tangazo la matanga ya nani.

Jumanne, 5 Novemba

Chai kitandani imeshindikana. Nimeamka saa moja, nikachemsha maziwa, nikamimina, nikabeba kikombe kama askofu. Kitandani kulikuwa na blanketi peke yake. Bilha alikuwa shambani tangu saa kumi na moja, anavunja mahindi. Nani alijua? Mimi huamka nikiwasha redio, sijawahi kuangalia upande ule mwingine.

Chai ilikuwa imeshamiminwa. Nikaketi upande wake nikainywa kwa niaba yake. Aliporudi alikuta kikombe kwenye mto na sisimizi wanapanda shuka kwa foleni. Alikung'uta shuka nje, mara tatu, kwa nguvu. Nilihisi ni mimi ninayekung'utwa.

Jioni nilikuwa kwa duka la Shafi. Nani akapita? Barasa, jirani. Tulitahiriwa mwaka mmoja na tangu siku ile hajaacha kunishinda. Alikuwa amebeba gunia la mahindi begani, na mkewe Nanyama anatembea nyuma mikono mitupu, kama bibi harusi. Barasa akaniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi Kipsongo, kama ni mgongo wangu umekufa ama ni mapenzi, mbona simbebei Bilha. Watu wakacheka. Shafi naye akacheka, na ni rafiki yangu!

Damu ikapanda. Nikasema mbele ya wote: Alhamisi chama cha akina mama kinakuja kwangu. Nitachinja mimi. Nitapika mimi. Na firigisi atakula Bilha.

Mtu mmoja aliacha kutafuna.

Kwetu Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba aliila, babu aliila. Mama anaweza kula shingo, mgongo, mabawa, anyonye na miguu, lakini firigisi inapanda juu ya sahani ya mzee na hakuna wa kuuliza. Tangu nioe, hakuna kuku aliyekufa nyumbani kwangu bila kunipa hiyo heshima.

Barasa aliteremsha gunia. Nilikuwa nimemshinda, kwa mara ya kwanza tangu wembe. Nilienda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 6 Novemba

Habari imefika kabla yangu. Bilha amenitilia sukari mbili bila kuuliza. Halafu akauliza polepole kama ni kweli aliyosikia kisimani. Nikamjibu kuwa mwanamume hasemi mara mbili.

Akaketi. Bilha, kuketi, mchana! Akanieleza kwamba akiwa msichana kwao Bokoli alimuuliza mama yake firigisi ina ladha gani, na mama yake akamwambia angoje awe mwanamume. Tukacheka. Nilikumbuka kuwa ana pengo upande wa kushoto, sijaliona siku nyingi.

Karatasi yangu ya ukutani ilikuwa imelegea. Ameibandika upya, ikanyooka.

Ningekufa jana usiku ningekufa nikiwa mwanamume mzuri. Ningepumzika na sifa zangu. Tatizo langu ni kwamba nimeamka salama na kesho ni Alhamisi.

Alhamisi, 7 Novemba

Niandike upesi.

Nilichinja jogoo mwekundu. Nilinyonyoa, nikapasua, nikapika, na nilimkataza Bilha asikanyage jikoni. Alikuwa nje anatandika leso kwenye viti, amevaa sare ya chama, ile ya buluu aliyoshona mwenyewe.

Firigisi nikaiosha. Ilikuwa nene, kama ngumi ya mtoto. Nikaiweka juu ya makaa kidogo, ipate rangi. Ikaanza kuongea. Harufu ile! Nikakata kipande kimoja kuonja chumvi. Nikakata cha pili kuhakikisha kama cha kwanza kilisema kweli. Nilipoangalia tena, kulikuwa na kisu na mimi.

Sikukusudia. Naapa. Lakini nani ataniamini, na mimi mwenyewe sijiamini?

Akina mama walikuwa wanasikika langoni wakiimba. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia, mzee wa miaka sabini na miwili, hadi kwa bucha ya kona. Firigisi mwenye bucha hana. Alikuwa na moyo wa ng'ombe. Nikachukua kipande, nikarudi nacho mbio, nikakichonga kikakaa mviringo, lakini kila nikikiachia kinafunguka. Nikaona kikapu cha Bilha cha kushonea. Nikatoa uzi humo, nikakifunga kile kipande, nikakitosa kwa mchuzi. Ukiangalia kwa mbali, na kwa imani, ni firigisi.

Akina mama kumi na mmoja waliketi. Nanyama mke wa Barasa mbele kabisa. Nikatoa hotuba. Nikasema mke ni nguzo, nikasema mapenzi hayazeeki. Nikaiweka mbele ya Bilha kwa mikono miwili. Wakapiga vigelegele. Mmoja alipangusa macho.

Bilha akafunga macho, akauma.

Akatafuna. Akatafuna tena. Akaacha. Akaingiza vidole mdomoni akavuta, na uzi ukatoka. Uzi wa buluu. Ukatoka polepole, ukaendelea kutoka, nilidhani hautaisha. Wote wanaangalia. Nanyama kainua shingo kama bata.

Bilha akauzungusha ule uzi kwa kidole, akautia mfukoni. Akameza. Nanyama akauliza vipi, ni tamu? Bilha akasema ni tamu sana. Ati ni kama alivyoambiwa na mama yake.

Akawagawia chai. Aliongea na kila mtu. Mimi hakuniangalia hata mara moja.

Ijumaa, 8 Novemba

Ameenda Bungoma.

Sikusikia akitoka. Niliwasha redio, nikasikiliza bei ya mahindi na vifo vyote, ndipo nikageuka. Begi lake halipo. Kuku wamelishwa. Ugali wa jana umefunikwa. Ile karatasi ya ukutani iko palepale, imenyooka kabisa.

Saa sita nikaenda kumlindia Shafi duka aende msikitini. Hii ni Ijumaa ya tatu namlindia. Aliporudi alinikuta nimeketi juu ya gunia la sukari sijauza hata kiberiti. Nikamwambia yote, mpaka uzi. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alisema yeye ana mke mmoja na anamwogopa kila siku, ndiyo maana bado yuko. Akasema nisipige simu. Ati niende mwenyewe, niseme ukweli, nirudi nikiwa nimetema yote.

Nikamuuliza kama naweza kusema bucha ndiye alinidanganya.

Shafi alianza kupanga sabuni. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Jumamosi, 9 Novemba

Bungoma. Masikio bado yana moto.

Nilifika kwa Pauline saa tano na kuku hai kwapani na boga begani. Mume wake, Wangila, ni mwalimu, kijana wa heshima, alikuja mbio kunipokea akinamisha kichwa, karibu Baba, pole na safari Baba. Kwetu baba mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake, ingawa siku hizi mama huachiwa, kwa hivyo mimi nilikuwa na mchana mmoja tu. Jioni ni lazima niondoke, na Bilha ama bila Bilha.

Bilha alikuwa kwa veranda anachambua maharagwe. Akanisalimia kama anamsalimia mtu wa sensa. Nikaona kile chumba. Kweli kina dirisha. Kina na pazia.

Nilitaka kuongea mara moja lakini Wangila akasema hapana, Baba hawezi kuongea na njaa. Wakachinja. Si yule kuku wangu, wao walikuwa na kuku wao. Nilikaa nikirudia hotuba kimoyomoyo. Ilikuwa hotuba nzuri, ya kweli, fupi. Nimekosa. Nilikula. Nilifunga moyo wa ng'ombe kwa uzi wako. Rudi nyumbani.

Chakula kikaja. Pauline akapiga magoti, akaweka sahani mbele yangu. Na juu, peke yake, inang'aa, firigisi. Mimi ni baba mkwe. Wangenipa nini kingine?

Bilha aliangalia ile firigisi. Halafu akaniangalia. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili.

Nikasimama. Nikasema, watoto wangu, leo nasema mbele yenu. Nimemkosea mama yenu. Nikasema siku ya Alhamisi nilimwahidi kitu mbele ya watu, nikakila mwenyewe nyuma ya mlango. Pauline akaweka mkono kifuani. Nikasema, Mama Pauline, kuanzia leo mpaka nizikwe, firigisi ya nyumba yetu ni ya...

Neno halikutoka. Kulikuwa na kitu mdomoni.

Mkono! Mkono ulienda wenyewe! Miaka arobaini na sita unajua njia, hauhitaji mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya mkwe wangu, machozi kwenye macho, na firigisi yote kwa shavu la kulia.

Wangila aliangalia paa kama anayetafuta mahali panapovuja. Pauline alijifunika uso kwa leso, mabega yanaruka. Sikujua niteme ama nimeze. Nilimeza. Ilikuwa tamu. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Bilha alicheka. Alicheka mpaka maharagwe ya mapajani yakamwagika. Nikafikiri, haya, nimeokoka. Halafu akaacha kucheka, na kilichofuata nitakiandika vile alivyosema.

Alisema, "Baba Pauline, mimi sijawahi kukuomba firigisi. Hata siku moja. Uliitoa wewe dukani ili umshinde Barasa, ukanifanya niitamani, halafu ukanifanya nidanganye wanawake wenzangu na uzi mdomoni. Mimi nimekuomba nini miaka yote? Nimekuomba asubuhi unisalimie kabla hujasalimia redio. Basi. Hicho tu."

Nikajaribu kukumbuka aliniomba lini. Nikakumbuka. Ni mara nyingi.

Akatoa ule uzi wa buluu mfukoni, akauweka kando ya sahani yangu. Akasema nikirudi Kitale niwaambie akina mama ukweli kwa kinywa changu, kanisani, wakiwa wote. Na niwe nampigia kila asubuhi kumsalimia, redio ikiwa imezimwa. Baada ya hapo ataona. Firigisi, ati kwa kuwa sasa ameitamani, tutakata katikati, nusu yake nusu yangu. Nikakubali yote. Akaurudisha uzi mfukoni.

Nimerudi peke yangu. Kuku wangu nilimwacha. Hata yeye alionekana kufurahi kubaki.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia saa kumi na mbili. Nikasema mulembe, salamu yetu. Akasema mulembe. Nikamuuliza amelala vipi. Ajabu, alikuwa na mengi ya kusema. Goti lake la kushoto linamuuma tangu mwezi wa nane. Mimi naishi na hilo goti na sikuwa na habari.

Kanisani, wakati wa matangazo, nikainua mkono. Nikasimama. Nikasema ile firigisi ya Alhamisi haikuwa firigisi. Nikasema niliila mimi jikoni, na Bilha alitafuna moyo wa ng'ombe na uzi, akanisitiri mbele yao, na mimi sikustahili.

Nilikuwa nimeandaa kusema kwamba shetani alinishika mkono. Nikaona akina mama kumi na mmoja wananiangalia, nikakosa nguvu ya kumsingizia. Nikaketi.

Barasa alicheka kwa sauti. Nanyama akageuka pale pale akamuuliza anacheka nini, na yeye lile gunia alilipokea kwa mkewe kwenye kona akiona watu wamejaa dukani, akalitua tena kwa kona ya pili, na nani akalibeba mpaka nyumbani? Barasa akafungua kitabu cha nyimbo. Alikishika juu chini.

Nilitaka kufurahi. Sikuweza. Nilijiona pale pale, kama kwa kioo, kwa lile gunia.

Jumatano, 13 Novemba

Amerudi!

Nimempigia asubuhi nne mfululizo, redio imezimwa, sijui hata nani amekufa wilaya hii. Leo saa nane lango likalia. Aliingia na begi na yule kuku wangu. Akaweka begi, akaangalia nyumba, akauliza kama nyumba imefagiwa na mtu ama na upepo. Nikasema ni mimi. Akasema alidhani ni upepo.

Sikujua niseme nini kwa hivyo nikasema mulembe. Akaketi karibu nami kwa benchi, tukaangalia mahindi yakikauka kwa turubai. Kama ningekuwa na akili ningeacha daftari hapa.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nimesalimia mke kwanza, redio baadaye. Nimemletea chai shambani kwa kuwa kitandani hapatikani. Nimemuuliza goti. Nimemchinjia yule kuku wa safari, na nimepika. Nusu kwa nusu, kama tulivyosema.

Tulipoketi, Bilha aliangalia sahani yake. Akaangalia yangu. Akauliza iko wapi.

Nikamwambia kuku huyu hakuwa na firigisi. Ati wengine huzaliwa hivyo.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilisikia tu sauti, na ilikuwa yangu. Bilha alichukua kijiko. Akasema, maskini kuku. Akanipa paja. Akala shingo. Na nilipoinama kunawa nikaona kifungo cha shati langu, kile kilichokatika tangu Pasaka. Kimeshonwa. Kwa uzi wa buluu.

Nina aibu mpaka kwenye kucha. Ningeitoa firigisi hapo hapo, lakini ningesema ilizaliwa saa hii? Iko kwa mfuko wa koti. Nimeifunga kwa ile karatasi ya ukutani, ndiyo ilikuwa karibu. Bilha ameshaanza kuuliza ni harufu gani.

Huu ukurasa nitaukata nikupelekee, Shafi, kwa sababu mdomoni sitaweza kusema. Nimekulindia duka Ijumaa tatu ukienda kuswali, na kesho ni ya nne, sijawahi kukuomba hata peremende. Naomba kimoja tu. Niwekee hii firigisi kwa friji yako, nyuma ya maziwa, mpaka kesho saa sita nikija kukulindia. Na Bilha akija kununua chumvi, akiiona, tafadhali, sema ni yako.